Mlango wa Kwanza wa Haki ni wa Hospitali



Nchi hii haikosi sheria dhidi ya ubakaji. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ilipitishwa mwaka wa 2006 baada ya mjadala mkali katika Bunge, mswada ukiwa umewasilishwa na Bi. Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge mteule wakati huo. Katiba mpya ikafuata mwaka wa 2010, nayo katika kifungu cha 29 inamhakikishia kila mtu kwamba hatatendewa ukatili, uwe wa hadharani au wa faraghani. Adhabu zilizoandikwa ni kali. Hata hivyo kesi nyingi huanguka, na wengi zaidi wa waliotendewa unyama huu hawafiki mahakamani kamwe.

Wengi wetu, tunapoulizwa sababu, hunyoosha kidole kwa hakimu au kwa askari. Lawama hiyo ina haki yake, lakini haitoshi. Sisi tunasema kwamba haki ya aliyebakwa haianzii mahakamani, wala haianzii katika kituo cha polisi. Huanzia katika chumba cha hospitali, mbele ya daktari, afisa wa kliniki au muuguzi ajuaye kutibu na ajuaye pia kuhifadhi ushahidi. Chumba hicho kikiwa kimefungwa usiku, au kikiwa wazi lakini kikidai malipo, au kikimrudisha mtu akatafute karatasi kwanza, haki imekufa kabla haijazaliwa. Hakuna hakimu, hata awe mwadilifu namna gani, awezaye kuifufua.

SAA ZINAZOHESABIKA

Mtu aliyebakwa anahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: matibabu na ushahidi. Yote mawili yana muda wake, na muda huo hauongezwi kwa maombi ya wakili.

Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mwilini hazina budi kuanzwa upesi iwezekanavyo, wala isipite saa 72 tangu tendo. Kisha humezwa kila siku kwa muda wa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa, kuna chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, kuna kinga ya pepopunda palipo na majeraha. Tena kuna jeraha la moyo, lisiloshonwa kwa uzi, ambalo humtaka mshauri mwenye subira na mahali pa faragha pa kuzungumzia.

Ushahidi nao hausubiri. Mbegu za kiume, damu, mate na nywele za mhalifu hupotea saa baada ya saa, na hupotea upesi zaidi mtu anapooga au anapofua nguo zake. Michubuko hupona. Ndiyo sababu mhudumu aliyefunzwa huandika kila jeraha mahali lilipo na ukubwa wake. Huchukua vielelezo kwa pamba safi na kuviacha vikauke. Kila nguo huitia katika mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, kwa maana plastiki hushika unyevu, nao unyevu huozesha kile kinachotafutwa. Kisha hufunga, huandika tarehe na saa, na kutia sahihi. Kila anayepokea kielelezo hicho baada yake hutia sahihi pia, mkono hadi mkono, mpaka kimfikie Mkemia Mkuu wa Serikali. Sahihi moja ikikosekana, wakili wa mshtakiwa atasimama na kuuliza kielelezo kilikuwa wapi usiku ule. Na ni haki yake kuuliza.

Kazi hii si muujiza. Haihitaji jumba la ghorofa. Inahitaji pamba, bahasha na mifuko ya karatasi, fomu, kabati lenye kufuli, dawa zilizotajwa, na mtu mmoja aliyefunzwa ambaye yuko zamu.

KARATASI MBILI

Kuna fomu mbili ambazo wananchi wengi, na hata baadhi ya wahudumu, huzichanganya. Ya kwanza ni fomu ya huduma baada ya ubakaji, ijulikanayo kwa kifupi kama PRC. Hii ni ya Wizara ya Afya. Mahali pake ni hospitalini, na hujazwa na daktari, afisa wa kliniki au muuguzi wakati ule ule wa uchunguzi. Huwa na nakala tatu: moja ni ya polisi, moja ya manusura mwenyewe, na moja hubaki katika kumbukumbu za hospitali. Ya pili ni P3, fomu ya polisi. Hutolewa kituoni bila malipo baada ya ripoti kuandikwa katika kitabu cha matukio, kisha hujazwa na mhudumu wa afya kwa kufuata yale aliyoyaona na kuyaandika alipomchunguza mgonjwa.

Utaratibu ulio sawa ni dhahiri: mtu hutibiwa na kuchunguzwa kwanza, halafu mambo ya polisi yanafuata. Mwongozo wa Wizara ya Afya haudai ripoti ya polisi kabla ya matibabu. Lakini ni mara ngapi tumesikia mambo yakigeuzwa juu chini? Mama anafika na binti yake zahanati alfajiri, anaambiwa, "Enda kwanza polisi ulete P3." Anapanda matatu hadi kituoni, anaambiwa angoje askari wa kike. Anaporudi hospitalini jioni, mwenye ufunguo wa chumba ameenda nyumbani. Asubuhi ya pili anatajiwa ada ya kujaziwa fomu. Siku ya tatu anakata tamaa. Na saa 72 zimekwisha bila mtu yeyote kumwambia kwamba zilikuwa zikihesabika.

Sheria haikuagiza mateso haya. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia kinahusu matibabu ya aliyetendewa, na kinasema gharama yake itabebwa na Serikali. Kanuni za Matibabu za mwaka wa 2012, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zilikuja kueleza namna ya kutekeleza jambo hilo. Kifungu cha 43 cha Katiba nacho kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Iwapo ubakaji si dharura, basi neno hilo halina maana. Anayemfukuza manusura mlangoni kwa kukosa karatasi au kwa kukosa shilingi, amekwenda kinyume cha Katiba, hata kama anadai anafuata desturi ya ofisi.

TULIYOYAONA MERU NA KWINGINEKO

Wazee kwa vijana wanakumbuka usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito kule Meru, wavulana walipovamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walipoteza maisha yao na 71 walibakwa. Ulikuwa mwaka ule ule ambao kifungu cha 2A kiliondolewa na nchi ikarudi katika vyama vingi. Wakati huo hapakuwa na sheria iliyoilazimisha Serikali kuwatibu waliobakwa kwa gharama yake. Taifa lililia, likazika wafu wake. Walionusurika wakabaki kubeba mzigo wao.

Miaka 20 na zaidi ilipita, na katika Meru hiyo hiyo kundi la wasichana waliokuwa wamenajisiwa likaenda Mahakama Kuu kuwashtaki, si wanajisi, bali wakuu wa polisi. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama iliamua kwamba polisi, kwa kupuuza kuchunguza malalamiko yao upesi na ipasavyo, walikuwa wamevunja haki za watoto hao. Sheria wakati huo ilikuwepo, na fomu zilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kutimiza wajibu.

Baina ya visa hivyo viwili kulikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka wa 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, katika ripoti yake ya mwaka wa 2008, ilitenga mlango mzima kuandika ubakaji uliotendeka katika majuma yale. Manusura wanane walienda mahakamani mwaka wa 2013. Hukumu ilitolewa tarehe 10 Desemba 2020: Mahakama Kuu iliamuru wanne kati yao walipwe na Serikali shilingi milioni 4 kila mmoja. Tunawapongeza kwa ujasiri wao. Lakini na tujiulize: baada ya miaka 13 karibu, ni nani angeweza kupata kielelezo kilichokuwa kikavu, kilichofungwa na kutiwa sahihi, cha kumtambulisha mhalifu mmoja baada ya mwingine? Kile kisichochukuliwa ndani ya siku chache hakichukuliki tena milele.

Wala mambo haya si ya misukosuko ya siasa peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 13 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kutendewa ukatili wa kijinsia. Hesabu hiyo haikuwataja watoto wadogo, wala wavulana na wanaume, ambao pia hubakwa na ambao mara nyingi huona haya hata kutamka. Katika ibada ya Jumapili moja, kanisa lenye akina mama mia moja, wamo.

VISINGIZIO NA MAJIBU YAKE

Wako wanaosema kwamba kumtanguliza polisi huzuia watu kusingiziwa. Hoja hii haina msingi. Uchunguzi wa hospitali haumhukumu mtu, huandika yaliyoonekana. Kielelezo kilichotunzwa vyema humfunga mwenye hatia, na hicho hicho humwachilia huru asiye na hatia. Anayechelea kusingiziwa ndiye angepasa kuwa wa kwanza kudai vipimo vichukuliwe mapema.

Wako wengine, wasomi wa sheria, wasemao kwamba ripoti ya daktari si ya lazima. Ni kweli. Mahakama ya Rufaa imekwisha kueleza kwamba ubakaji waweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa aliyetendewa hata pasipo ripoti ya kitabibu, na kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, mradi ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake. Tunaishukuru sheria hiyo, kwa kuwa inamlinda yule ambaye hakupata hospitali. Lakini isiwe kisingizio cha kumnyima hospitali. Mtoto wa miaka saba atahojiwa na wakili mzoefu mbele ya watu asiowajua. Je, ni uungwana kumwachia yeye peke yake mzigo wote wa kesi, ilhali karatasi moja iliyojazwa vizuri ingaliweza kumpunguzia?

Kisingizio cha tatu ndicho kikubwa: kwamba hakuna fedha. Hapa ni lazima tuelewe vyema mpangilio wa nchi yetu. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, hospitali za kaunti na zahanati ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Polisi na hospitali kuu za rufaa za kitaifa ni za Serikali Kuu, na maabara ya Mkemia Mkuu ni ya Serikali Kuu pia. Basi kielelezo kimoja huanza safari katika serikali moja na kuimalizia katika nyingine. Muuguzi analipwa na gavana. Askari anayekuja kuchukua bahasha analipwa na Nairobi. Kila upande husema upande wa pili ndio uliolegea, na bahasha hubaki juu ya meza. Aliyelala njaa kwa sababu wapishi wawili wamegombana hapati shibe kwa kuelezwa ni nani aliyekosa.

Kwa muda mrefu pengo hili limezibwa na wafadhili wa nje katika kaunti nyingi. Mwaka wa 2025 Serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, tulionyeshwa jinsi nguzo ya jirani isivyoweza kubeba paa letu. Haki ambayo Katiba yetu imeahidi haiwezi kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Na ikumbukwe kwamba kazi hii yawezekana hapa hapa nyumbani: mwaka wa 2001, kabla sheria mpya haijapita, Nairobi Women's Hospital ilifungua kituo kilichowapa manusura matibabu na ushauri bila malipo chini ya paa moja. Kilichoanzishwa na hospitali binafsi moja hakiwezi kuwa kizito mno kwa serikali 47 zenye fedha za umma.

WAJIBU WA KANISA

Katika sehemu nyingi za nchi, hospitali iliyo karibu na wananchi ni ya misheni. Hivyo neno letu kwa makanisa si neno la pembeni. Yule Msamaria wa njiani hakumwuliza majeruhi kama ameandikisha ripoti. Alimfunga majeraha, akamlipia mahali pa kulala, na maswali yakaja baadaye. Hospitali za kanisa zifanye vivyo hivyo. Ziwe na fomu za PRC, ziwe na vifaa, ziwape wauguzi wao mafunzo. Na iwapo hospitali fulani, kwa sababu za imani yake, haitoi dawa ya dharura ya kuzuia mimba, isimfiche mgonjwa jambo hilo. Imweleze waziwazi na imsaidie kufika inapotolewa siku ile ile. Uchunguzi wa majeraha, uhifadhi wa ushahidi na kinga ya virusi vya ukimwi havigongani na imani yoyote tunayoijua.

Kuna dhambi nyingine iliyo karibu zaidi nasi, nayo ni ya kunyamazisha. Mtoto ananajisiwa; wazee wanakaa; mbuzi anatajwa, au shilingi kadhaa; na mara nyingine mchungaji anaitwa kubariki masikilizano ili jina la familia lisichafuke. Kikao hicho kinapomalizika, saa 72 zimepita. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia hakikuacha uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa familia wala mwa wazee. Kilimpa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chifu hana mamlaka hayo, mzee wa kijiji hana, askofu hana. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humwumbua.

TUNAYODAI

Kwanza, kila kaunti ndogo iwe na angalau kituo kimoja cha afya kinachowahudumia manusura usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, na jina la mhudumu wa zamu libandikwe mahali pa kuonekana.

Pili, matibabu, uchunguzi na kujaziwa fomu visitozwe hata senti moja, na pasiwe na mtu wa kuambiwa atangulie polisi. Tangazo la jambo hili liandikwe mlangoni kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji.

Tatu, kila bajeti ya kaunti iwe na fungu lenye jina lake kwa ajili ya dawa, fomu, vifaa na ushauri, lisilojificha ndani ya matumizi ya jumla ya afya.

Nne, wauguzi na maafisa wa kliniki wafunzwe, na wanapoitwa mahakamani wapewe nauli, posho na ruhusa. Wengi hukwepa kujaza fomu si kwa ukatili, bali kwa kujua kwamba watasafiri kwa gharama yao na kuahirishiwa kesi mara tano.

Tano, Serikali Kuu iwape polisi muda maalumu wa kuchukua vielelezo hospitalini na kuvifikisha maabara. Mkemia Mkuu ana maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu, na idara ya upelelezi ilifunguliwa maabara yake Nairobi mwaka wa 2022. Aliyeko Mandera au Turkana yuko mbali na zote. Njia ya kielelezo chake ipangwe na igharamiwe, isiachiwe huruma ya gari linalopita.

KAZI YETU SASA

Madai bila miguu hayafiki popote. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma imeweka tarehe: kila kaunti huwasilisha mpango wake wa fedha katika baraza kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Katiba inawataka wakuu hao watusikilize kabla ya kuamua. Vikao hivyo mara nyingi huwa vitupu, au hujazwa na waliobebwa kwa lori. Tukavijaze sisi. Kila kundi la haki, kila chama cha akina mama kanisani, kila jumuiya ndogo ndogo, ichague watu watatu kwenda na swali moja lililoandikwa: fungu la manusura wa ubakaji liko ukurasa gani, na ni shilingi ngapi?

Kabla ya kwenda huko, watu hao hao waitembelee hospitali iliyo karibu nao na kuuliza maswali matatu. Nani yuko zamu usiku wa Jumamosi? Fomu za PRC ziko ngapi kabatini leo? Dawa za saa 72 zipo? Majibu yaandikwe na tarehe. Mwakilishi wadi aweza kubishana na hotuba, lakini atapata taabu kubishana na karatasi hiyo.

Na iwapo usiku wa leo mtu atabisha mlangoni pako akiwa ametendewa unyama huu, mwamini, na usimhoji kama askari. Mpeleke hospitalini upesi. Asioge kwanza wala asifue nguo. Aliyokuwa amevaa iwekwe katika mfuko wa karatasi, au ifungwe kwa gazeti. Ikiwa amekwisha kuoga, au siku zimepita, mpeleke vivyo hivyo, maana bado kuna matibabu na bado kuna yatakayoonekana. Msindikize hadi ndani, ombeni nakala yenu ya PRC, iwekeni mahali salama. Akitakiwa pesa, andika jina la aliyedai, saa na mahali, mkatuletee habari hiyo sisi na mwakilishi wenu wa wadi siku inayofuata.

Mhariri